Vidonge vya mafua vya mchanganyiko: unalipia nini hasa?

Ukiingia duka la dawa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala ukasema una mafua, mara nyingi utapewa kidonge kimoja chenye dawa tatu au nne ndani yake. Majina ya kibiashara ni mengi, ila geuza pakiti usome nyuma: viungo ni vilevile. Ndiyo maana hapa hatulinganishi majina. Tunapitia viungo.

Parasetamoli ndiyo inayobeba kidonge chote, mara nyingi miligramu 500, mara nyingine chini kidogo. Hushusha homa na kutuliza kichwa, mgongo na viungo vya mwili, yaani maumivu yanayomlaza mtu kitandani. Hii inafanya kazi, na hatuna shaka nayo. Tatizo ni kwamba wengi hawajui kuwa wanaimeza. Chukua mgonjwa anayekunywa vidonge viwili vya mafua kutwa mara tatu: hiyo ni miligramu 3,000. Kichwa bado kinauma, anaongeza Panadol, ambayo nayo ni parasetamoli ya miligramu 500, mbili mbili kutwa mara tatu. Amefika 6,000, wakati mtu mzima mwenye afya hatakiwi kuvuka 4,000 kwa saa 24. Ini huumia kimyakimya, na siku ya kwanza mtu anaweza asione dalili yoyote ya maana. Ukimeza cha mafua, Panadol iache kabatini.

Klofeniramini miligramu 4, ambayo wengi wanaijua kama Piriton, hupunguza kidogo kamasi na chafya, na huleta usingizi mzito. Usiku inafaa. Mchana haimfai dereva, mwendesha bodaboda wala anayesimamia mashine. Mzee mwenye tezi dume iliyovimba aiepuke kabisa, kwa sababu inaweza kumziba mkojo.

Kiungo cha kufungua pua ndicho kinachotenganisha pakiti nzuri na ya kupoteza pesa. Kuna pseudoefedrini, ambayo kweli hufungua pua, lakini hupandisha presha, huyapeleka mapigo ya moyo mbio na hufukuza usingizi. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo asiiguse. Halafu kuna fenilefrini, inayoandikwa phenylephrine kwenye pakiti. Ukiimeza, sehemu kubwa huvunjwavunjwa kwenye utumbo na ini kabla haijafika puani. Septemba 2023 jopo la washauri wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, lilisema kwa kauli moja kwamba fenilefrini ya kumeza haizibui pua, na Novemba 2024 FDA yenyewe ikapendekeza iondolewe kwenye dawa za kumeza za mafua. Kwa hiyo ukiona jina hilo, jua hapo hununui chochote cha maana. Maji ya chumvi yatakusaidia zaidi: nusu kijiko cha chai cha chumvi, kisawazishwe, kwenye mililita 250 za maji yaliyochemshwa yakapoa, matone machache kila tundu la pua.

Kafeini, kwa kawaida miligramu 30, haifiki hata nusu kikombe cha kahawa. Tusipoteze muda nayo.

Kwa mtu mzima, basi, ushauri wetu ni parasetamoli tupu, maji ya kutosha na kupumzika. Cha mchanganyiko tunakikubali usiku tu, pale pua inapotiririka hadi mtu hapati usingizi. Hakuna hata kimoja kati ya vidonge hivi kinachoua kirusi au kupunguza siku za kuugua.

Kuna kasoro nyingine ambayo boksi halikwambii. Homa ya mafua, yaani influenza, huanza ghafla: asubuhi mzima, jioni joto limevuka 38, mwili wote unauma, kikohozi kikavu. Mafua ya kawaida huanza taratibu, kooni na puani, na homa huwa ndogo au haipo. Lakini malaria nayo huja na homa, kichwa na maumivu ya viungo, na parasetamoli itashusha joto la yote mawili. Mtu anajiona nafuu, kumbe ugonjwa unaendelea. Kwenye maeneo ya malaria, pima kwanza. Kipimo cha haraka cha tone la damu hutoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20.

Watoto chini ya miaka 6 wasipewe kabisa vidonge au sirapu za mchanganyiko. Wape parasetamoli ya maji kwa uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 10 akipewa sirapu ya miligramu 120 kwa mililita 5, basi hizo mililita 5 zinamtosha. Tumia bomba au kikombe cha kupimia kilichokuja na chupa. Vijiko vya jikoni havilingani. Pitisha saa 4 au zaidi kati ya dozi na dozi, zisizidi nne kwa siku. Aspirini asipewe mtoto mwenye mafua.

Muuzaji akikuongezea amoksilini, irudishe. Ni dawa ya bakteria, haigusi kirusi. Dawa inayokigusa kirusi cha homa ya mafua ni oseltamivir, ijulikanayo kama Tamiflu: mtu mzima humeza miligramu 75 asubuhi na jioni kwa siku 5, kwa cheti cha daktari, na inafaa ianze ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Kwa kijana mwenye afya hupunguza chini ya siku moja tu ya kuugua. Wanaopaswa kuiulizia mapema ni wajawazito, wazee, wenye pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo au VVU. Haohao ndio wa kwanza kuchanjwa kila mwaka pale chanjo inapopatikana.

Mgonjwa akianza kupumua kwa shida, kuchanganyikiwa, kifua cha mtoto kubonyea anapovuta hewa, mtoto kukataa kunyonya, au homa ikirudi kwa nguvu baada ya kupoa, usimwongezee kidonge. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, na ubebe pakiti ya dawa alizokwisha kumeza.