Miyata ya resi ya mtumba: inafaa kufufuliwa au tuiache godauni?

Kwa shilingi 180,000 nilizotoa, baiskeli hii inastahili kufufuliwa, na nasema hivyo baada ya kuifungua yote mpaka gololi. Ni Miyata ya resi, chapa ya Kijapani, fremu ya chuma, gia 12 (mbili mbele, sita nyuma), na vishikio vya gia vimefungwa kwenye bomba la chini la fremu. Niliikuta Dar es Salaam kwenye godauni la mitumba ya Japani, imebanwa katikati ya zile za vikapu ambazo ndizo zinazogombaniwa. Matairi yalikuwa yameoza, cheni imeshikana kwa kutu, siti imechanika. Hayo hayakunitia shaka, maana yote ni ya kubadilisha.

Anayetaka kujua umri wa baiskeli kama hii achungulie upande wa ndani wa mashine ya gia ya nyuma. Shimano, watengenezaji wa gia hizo, walikuwa wanagonga herufi mbili pale, ya kwanza mwaka na ya pili mwezi, A ikiwa 1976. Yangu inasomeka KD: Aprili 1986.

Kilichoamua ni fremu. Pitisha kidole chini ya bomba la juu na lile la chini, pale yanapoungana na shingo ya usukani. Baiskeli iliyowahi kugonga kitu kwa nguvu huacha mkunjo hapo, rangi inajikunja au inapasuka kwa mstari. Ukiukuta, ondoka zako. Hii ilikuwa laini kabisa. Halafu bomba la siti: la aluminiamu ndani ya fremu ya chuma, likikaa miaka bila grisi, hung'ang'ania kama limechomelewa, na hewa ya chumvi ya huku pwani inazidisha. Lijaribu kabla hujalipa. La kwangu lililia, kisha likazunguka.

Sasa magurudumu, na hapa ndipo pesa inapoliwa. Ringi zilizokuja nayo ni za inchi 27, ambazo kipimo chake halisi, pale tairi linapokalia, ni milimita 630. Tairi za Phoenix za 28 kwa moja na nusu, zilizojaa kila kona, ni 635. Usikubali fundi akuvishie hizo kwa kuwa "zinakaribiana". Zinalegea, na ukijaza upepo tairi linachomoka. Za resi za siku hizi, 700C, ni 622, hizo haziingii hata kwa kulazimisha. Kariakoo nilizunguka duka kwa duka, tairi za 27 sikuziona. Nikanunua jozi ya magurudumu ya mtumba ya 700C, nikihakikisha habu ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu, ina upana wa milimita 126 kama fremu, kwa sababu za baadaye ni 130.

Ukibadilisha hivyo ringi inakuwa ndogo, na raba za breki lazima zishuke milimita 4. Pima nafasi iliyobaki kwenye mikono ya breki kabla hujanunua chochote. Zangu zilishuka zikakaa katikati ya ringi. Zisingefika, ningelazimika kusaka breki ndefu zaidi, na hesabu yote ingegeuka.

Vingine vilikuwa mteremko. Frii ya gia sita, yale meno ya nyuma yanayofungwa kwenye habu kwa kuzungushia, inapatikana, kwa sababu baiskeli nyingi za Kichina bado zinaitumia. Nyuzi za skrubu pale ekseli ya pedeli inapopita kwenye fremu ni za kipimo cha Kiingereza, ambacho Wajapani walikifuata. Ingekuwa ya Kifaransa ya miaka ya 1970 ningeiacha palepale: nyuzi zake ni za aina ya peke yake, na kipuri chake hapa mjini sijawahi kukiona.

Rangi sikuigusa, na nakushauri usiiguse. Michubuko niliyoiziba inatosha kuzuia kutu. Kupaka upya fremu nzima kunafuta maandishi ya kiwandani na hakuongezi hata hatua moja barabarani.

Na barabarani ni tamu kwelikweli. Barabara ya Bagamoyo alfajiri, kabla daladala hazijajaa, inakwenda moja kwa moja bila kutetema, na chuma kinameza mashimo madogo. Gia hazina vituo vya kulia "tik" kukuongoza, unazitafuta kwa sikio na kidole gumba. Mkono ukizoea ni raha. Breki hazina makali kama za sasa, mvua ikinyesha anza kubana mapema.

Jumla imefika 390,000, ujira wa fundi ukiwemo. Fremu ikiwa nzima, ningekwenda hadi 450,000. Wa kubeba magunia achukue Phoenix.