Pointi sifuri Mkwakwani: uzoefu wangu na kadi ya mashabiki

Nianze na yule kijana wa dirisha la tiketi, maana bila yeye nisingeshika simu kuandika haya.

Nilimsalimia vizuri. "Habari za kazi, mwanangu." Hakuinua kichwa. Sikio moja limezibwa na waya wa simu, mkono wa kushoto umeshika kikaratasi cha karanga, wa kulia ameupitisha kwenye kitundu cha kioo, vidole vinachezacheza kama mtu anayeita kuku. "Kadi." Hakuna shikamoo, hakuna karibu. Kadi. Nikampa. Akaibandika juu ya kimashine chake, kikalia tii, akatazama kioo, akatafuna karanga mbili tatu kwanza ndipo akanijibu. "Anko, wewe Shaba. Shaba mnaanza kesho saa nne."

Shaba ndilo daraja la chini la kadi. Nikamwambia kesho ndiyo siku ya mechi, na mie nimetoka Tanga. Akachomoa ule waya sikioni, nikadhani sasa ananisikiliza. Kumbe alitaka anitamkie vizuri: "Sasa anko, kama unaipenda timu si ungekuwa unakuja uwanjani?"

Waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakacheka. Neno lile nimelala nalo Mbagala kwa mpwa wangu, nimeamka nalo, nimepanda nalo basi Mbezi, nimeshuka nalo stendi ya Kange, kwetu Tanga. Miezi imepita na bado ninalo.

Klabu siitaji. Ni ya Dar, ni kubwa, na wenye kadi yake mtaijua wenyewe. Bei ya kadi na rangi zake siwaelezi, mabango yao yapo kila kona.

Shida ni hesabu. Ukiskani kadi getini kwenye mechi ya nyumbani unapata pointi kumi. Ukifikisha mia unatoka Shaba unaingia Fedha, na juu ya Fedha kuna Dhahabu. Ikija mechi kubwa, Dhahabu wananunua tiketi kwanza, wanafuata Fedha, halafu sie Shaba tunaokoteza. Geti halijui kitu kingine. Kijana wa Chang'ombe anatoka kwao na kandambili, anafika uwanjani kwa Mkapa soda aliyoishika bado ina ubaridi, tii, kumi. Mie naondoka Kange saa kumi na mbili asubuhi. Muheza machungwa yanaingia dirishani, Segera tunakata kushoto, Mkata, daraja la Wami, Chalinze, halafu Mlandizi na Kibaha ambako foleni ya malori inakufanya ujiulize kwa nini ulizaliwa. Kama kilomita 350. Mbezi nashuka miguu imevimba, bado daladala mpaka Temeke. Tii. Kumi.

Kumi na kumi! Na mie ni fundi cherehani. Siku mbili nikiwa Dar cherehani yangu imefunikwa kanga na wateja wanapita wanaangalia mlango. Nauli ya kwenda na kurudi nikiigawa kwa tiketi ya mzunguko, yale majukwaa ya bei rahisi, naingiza watoto wa mtaa mzima. Tanga wanatuita Waja Leo Waondoka Leo. Nadhani jina hilo walimtungia shabiki mwenye kadi.

Mtaniuliza, si ungenunua kwa simu? Nilinunua. Yaani nilijaribu. Unabonyeza namba, unachagua mechi, unaweka namba ya kadi, unaweka namba ya siri, unasubiri kama anayesubiri majibu ya hospitali, halafu: "Kadi yako haijathibitishwa, tafadhali fika ofisini." Mara nne. Ofisini wapi? Dar. Ndiyo sababu nikawa pale dirishani mbele ya yule mla karanga siku moja kabla ya mechi. Na ajabu ni kwamba alipoigonga kwenye kimashine chake kadi ilikuwa imethibitishwa kabisa, hata jina langu la tatu lilikuwepo.

Lakini karanga na dharau ningeweza kumeza. Kisichomezeka ni Mkwakwani, uwanja wetu wa hapa Tanga.

Msimu huohuo, mapema, timu ilikuja Tanga kucheza na Coastal Union. Najua Wagosi wa Kaya, watu wa Coastal, mnasoma na mnanisema: mtoto wa Ngamiani, hapahapa Tanga, timu ya kwao ilishabeba ubingwa wa nchi mwaka 1988, yeye anashabikia ya Dar. Marehemu baba alikuwa Coastal mpaka pumzi ya mwisho na alinisamehe, nyinyi ni nani?

Siku hiyo nilifunga kazi saa tano. Kutoka kwangu mpaka Mkwakwani kwa baiskeli ni dakika kumi, na nilitangulia hivyo kwa sababu nilijua watu wa Muheza na Korogwe watakuja. Kadi nimeivaa shingoni kama kitambulisho cha daktari, nikiamini mahali fulani getini atakuwepo mtu na kimashine. Hakuwepo. Nikakata tiketi ya kawaida, nikaingia. Kipindi cha kwanza hakijafika nusu ikashuka mvua ile ya kwetu ya pwani, isiyobisha hodi. Nikavua shati nikaifunika kadi. Nimesema kadi, sio kichwa. Mzee mmoja jirani yangu, shabiki wa Coastal, akanitazama akasema, "Mwanangu, hicho kikaratasi ndicho kilichokuzaa?" Sikumjibu, kwa sababu wakati huo nilikuwa bado naamini.

Kesho yake nikapiga huduma kwa wateja. Muziki, muziki, muziki, salio linakwenda. Akapokea dada mmoja, mpole kwa kweli, simlaumu. "Mzee wangu, mechi ya ugenini haina pointi."

"Ugenini kwa nani, binti yangu? Mie hapa ni nyumbani. Nimekwenda kwa baiskeli."

Kimya kidogo. "Mfumo unatambua nyumbani ni Dar, mzee."

Sasa piga hesabu nami. Nilipofika kwa yule kijana kadi yangu ilikuwa na pointi 90. Tisini! Mkwakwani ingehesabiwa, ningekuwa na mia, ningekuwa Fedha, na dirisha la Fedha lilikuwa wazi saa ileile alipokuwa ananitafunia karanga usoni. Pointi kumi za mechi niliyoloa mvua ndizo zilizonifanya nichekwe.

Pale kibanda umiza tunapoangalia mpira wa Ulaya kuna vijana wa Liverpool wanaojua sheria za uwanja wao wa Anfield kuliko wanavyomjua mwenyekiti wao wa mtaa. Niliwasimulia, wakashika vichwa. Kule Uingereza, wakasema, klabu nyingi pointi za uaminifu unazipata hasa kwa kuifuata timu ugenini, kwa sababu tiketi za wageni ni chache na anayesafiri ndiye anayehesabika. Tena tangu msimu wa 2016/17 tiketi ya shabiki mgeni kwenye Ligi Kuu yao haizidi pauni 30. Mwaka huohuo wa 2016 mashabiki wa Liverpool waliinuka dakika ya 77 wakatoka kwa maelfu, mechi na Sunderland inaendelea, kisa mpango wa kuuza tiketi hadi pauni 77. Siku chache baadaye wenye timu wakaufuta. Nikawaambia sie tukitoka dakika ya 77 watu watasogea wakae vizuri. Halafu mmoja, ndiye mwenye akili pale, akaniambia: "Lakini mjomba, kule sisi wa Tanga sio hata Shaba. Sisi ni udongo." Ikabidi ninyamaze. Mtoto huyo anakesha usiku kwa ajili ya timu ambayo hata haijui kama Tanga ni mji au ni samaki.

Turudi Dar. Siku ya mechi, saa nne, dirisha la Shaba. Lilifunguliwa saa tano kasoro, mtandao unasumbua. Saa sita hivi akatoka mtu na spika: mzunguko umeisha. Uwanja wa viti 60,000 jamani.

Nje kulikuwa na jamaa amekaa juu ya pikipiki, ametulia kama mwenye nyumba anayesubiri kodi. "Anko, unaingia?" Nikamuuliza bei, akaniambia, nikamuuliza tena nikidhani sikusikia. Mara tatu ya bei ya dirishani! Mfukoni ana kadi nne, zote Dhahabu. Kila moja tiketi imeshaunganishwa nayo. Akanipa moja, nikaisoma jina. Jina la mwanamke. "Hiyo ya bibi yangu," akasema, "yupo Rufiji, wewe pita tu, hawaangalii." Mpira wenyewe bibi huyo, kwa maelezo ya mjukuu wake, hajawahi kuuona hata kwenye televisheni. Lakini ni Dhahabu! Anakaa mbali kama sie, na ni Dhahabu!

Basi niliingia kwa Mkapa nikiwa bibi wa mtu. Tii. Pointi kumi za safari yangu, za miguu yangu iliyovimba, zikaenda Rufiji. Kadi nikamrudishia kwa kuipitisha kwenye uzio, akainua kidole gumba.

Na hapa ndipo ninapojichukia, maana nilipokaa kwenye kile kiti cha rangi ya machungwa, taa zimewaka, ngoma zinalia upande wa pili, watu elfu sitini wanavuta pumzi kwa pamoja mshambuliaji wetu anapoingia kwenye boksi, nilisahau kila kitu. Nilimsahau kijana wa karanga. Nilimkumbatia mtu simjui akanimwagia maji ya kunywa mgongoni na tukacheka. Ukiniuliza dakika ile kadi inafaa, ningekwambia chukua mbili.

Sasa kuna swali linalowawasha wale wasomaji wajanja: fundi, wewe mechi mbili tatu kwa msimu, pointi 90 ulizitoa wapi?

Haya. Baada ya lile la Mkwakwani nilipandwa na hasira, nikaitia kadi kwenye bahasha, nikaipeleka Kange, nikamkabidhi kondakta ampelekee mpwa wangu wa Mbagala. Mpwa ana kadi yake. Kila mechi ya nyumbani alinunua tiketi mbili, akaingia na yake, na yangu akampa rafiki. Mara saba. Mie mwenyewe nimeingia mara mbili tu. Kwa hiyo pointi zangu za jasho ni 20, na ukinipa na za Mkwakwani, 30. Siku ile ya dirishani kadi niliipitia kwa mpwa, ilikuwa bado inanuka mafuta ya nywele ya huyo rafiki yake.

Kwa hiyo yule kijana alivyosema ningekuwa nakuja uwanjani, kimashine chake kilikuwa kinamwambia nimekuja mara tisa. Tisa! Na bado akanidharau! Angalau angeheshimu uongo uliopo kwenye mfumo wao wenyewe.

Ndiyo, najua, mie na yule wa pikipiki tumeshika kamba moja. Tofauti ni kwamba mie siuzi. Na pia nisingefanya kama geti lingenihesabu pale ninapoishi. Nimewaza wangeweza kuongeza pointi kwa kilomita, nikaona hapana, kesho yake Temeke nzima ingekuwa na anwani za Kigoma. Zamani kulikuwa na tawi la mashabiki. Mwenyekiti wa tawi anaandika majina, anakusanya hela, tiketi zinakuja kwenye bahasha kwa basi. Haikuwa safi vilevile, mwenyekiti wetu siku za mechi kubwa alikuwa anakuwa na watoto wengi ghafla. Ila alinijua kwa jina, alinijua na timu ya baba yangu, na hakuniita Shaba.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimeipa kadi hii nyota moja. Nilipofika kwenye zile taa na ngoma nikapandisha zikawa tatu. Nikikumbuka karanga narudi kwenye moja. Wa Dar chukueni, kwenu ni nyota tano, mnachopoteza ni nini? Wa Mwanza, wa Mbeya, wa Mtwara, wa Tanga, msiichukue. Au chukueni kama mna mpwa.

Jana usiku imeingia meseji. "Ndugu mwanachama, kadi yako inakaribia kuisha muda. Huisha leo ujipatie pointi 20 za bure." Ishirini. Ni safari mbili za Dar hizo, Segera na Chalinze na Kibaha mara mbili, na mie nimelala kitandani kwangu Ngamiani, feni inazunguka. Nikabonyeza, nikaweka namba ya siri. Mara moja tu ikakubali, mtandao haukusumbua hata kidogo.