Tahadhari: Pikapu ya Land Cruiser inayouzwa Arusha na Moshi kwa kadi ya gari jingine

Ninaandika tahadhari hii kwa wote wanaotafuta pikapu ya zamani ya Land Cruiser katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro, na hasa kwa wakulima wa vitunguu wa Mang'ola na ndugu zetu wa Simanjiro, ambao huyategemea magari haya kwa kuwa wakati wa masika njia zao hazipitiki kwa gari la kawaida. Kuna pikapu ambayo imekuwa ikitangazwa jijini Arusha kupitia kwa dalali, na baada ya wanunuzi kadhaa kuitilia shaka imepelekwa Moshi, ambako sasa inaonyeshwa kwa watu wapya. Muuzaji sitamtaja kwa jina, kwa sababu taarifa zake zimekwisha kufikishwa polisi. Lakini namna anavyouza ni lazima ijulikane mapema.

Gari hilo linanadiwa kuwa ni HZJ79, moja ya matoleo ya pikapu za Land Cruiser, ya mwaka 2002, na kadi anayoionyesha muuzaji inasema hivyo hivyo. Namba ya chesisi iliyo kwenye kadi inalingana herufi kwa herufi na ile iliyogongwa kwenye chuma, na hapo ndipo wanunuzi wengi huridhika na kuanza kuzungumzia bei. Nilipoombwa na shemeji yangu wa Karatu nimsindikize kulikagua, tulilizunguka kabla ya kuangalia karatasi yoyote, tukakuta kwamba kila gurudumu limefungwa kwa nati sita na kwamba springi za mbele ni za mabapa yaliyopangwa juu kwa juu, sawa na zile za nyuma. Gari la namna hiyo haliwezi kuwa HZJ79. Toyota ilipoanza kutoa pikapu za HZJ79 mwaka 1999 iliweka koili springi mbele na magurudumu ya nati tano. Nati sita na mabapa mbele na nyuma ni za HZJ75, yaani toleo lililotangulia.

Injini ndiyo inayowapoteza watu. Matoleo yote mawili yalifungwa 1HZ, dizeli ya silinda sita yenye ujazo wa sentimita za ujazo 4,164 isiyo na tabo, ambayo Toyota imekuwa ikiitumia tangu mwaka 1990. Kwa hiyo fundi anayefungua boneti na kusikiliza mlio atasema kwa haki kabisa kwamba injini ni nzima na ni ya aina iliyotajwa kwenye kadi, na mnunuzi atayachukua maneno hayo kuwa ni ushahidi wa gari zima.

Shemeji alipolala chini upande wa kulia mbele, karibu na gurudumu, ambako namba ya chesisi ya magari haya hugongwa, tuliona kwamba kipande cha chuma chenye namba kimezungukwa na mstari wa kuchomelea uliosuguliwa kwa jiwe na kupakwa rangi nyeusi nzito. Mhimili wa chesisi wa upande wa kushoto haukuwa na rangi hiyo. Ndani ya boneti, kwenye ukuta unaotenganisha injini na kebini, bamba la utambulisho la kiwandani halikuwepo, na matundu ya ribiti yalikuwa yamezibwa kwa fila. Kwa maoni yangu jambo hili lina maelezo mamoja tu: kadi na namba ni za gari lililokufa, pengine kwa ajali, na vimepandikizwa kwenye gari ambalo asili yake muuzaji hataki ijulikane. Inaweza kuwa ni gari la wizi, au lililovushwa Namanga au Holili bila kulipiwa ushuru, au lililoingizwa kwa msamaha wa kodi kwa ajili ya mradi wa wafadhili na kuuzwa kinyemela. Katika hali yoyote kati ya hizo, atakayekutwa nalo na polisi au forodha ndiye atakayenyang'anywa.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba kuhakiki namba kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, ingawa ni lazima, hakutoshi kwa gari hili. Kumbukumbu za TRA zitaonyesha kwamba namba ni halali, kwa sababu ni halali kweli. Kisicho halali ni chuma kilichobebeshwa namba hiyo. Linganisheni maelezo ya kadi na gari lenyewe, na ombeni askari wa usalama barabarani alikague likiwa limenyanyuliwa, kabla ya shilingi yoyote kutoka mkononi.

Bei yake haitawashtua, kwa kuwa imewekwa chini kidogo tu ya bei ya soko. Kinachopaswa kuwashtua ni haraka. Dalali husema kwamba kuna mteja wa Nairobi anayefika kesho, kisha huomba arubuni itumwe kwa simu, kwa namba iliyosajiliwa kwa jina lisilo la muuzaji wala la mwenye kadi. Mwenye kadi anaelezwa kuwa ni baba mdogo wa muuzaji aliyefariki. Tulipoomba kuona barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, ambayo bila hiyo ndugu wa marehemu hana mamlaka ya kuuza mali yake, tuliambiwa kwamba ukoo umekubaliana na kwamba wakili wake ataandika mkataba siku hiyo hiyo. Mkataba wa namna hiyo hauhamishi umiliki, hata ukipigwa mihuri mingapi.

Kwa aliyekwisha kutoa arubuni, namsihi asiendelee kulipa kwa matumaini ya kuokoa alichotoa. Atunze ujumbe wote wa malipo na wa mazungumzo, apige picha za magurudumu, springi na ule mstari wa kuchomelea, kisha aende kituo cha polisi kufungua jalada. Na ikiwa gari limekwisha kufika nyumbani kwake, asilipake rangi wala kugusa chesisi, kwa kuwa alama hizo ndizo zitakazomsaidia kuthibitisha kwamba alilipokea likiwa hivyo.