Vitu vya Kumshughulisha Abiria Mwenye Hofu ya Ndege: Tathmini

Abiria anayeogopa kuruka hana tatizo la kukosa la kufanya. Akili yake inafanya kazi kupita kiasi: inasikiliza kila mlio wa injini, inapima kila mteremko, inachunguza nyuso za wahudumu na kuhesabu muda uliobaki. Kwa hiyo kitu chochote anachobeba ili ajishughulishe nacho hakina budi kupimwa kwa kigezo kimoja, nacho ni kama kinaweza kuikamata sehemu ile ile ya akili ambayo hofu imeikalia. Kitu kinachomfaa sana abiria aliyetulia kinaweza kisimsaidie huyu hata kidogo. Mimi ni mmoja wa abiria wenye hofu hiyo, nimevitumia vitu ninavyovieleza hapa, na sikubaliani na wanaovipa vyote uzito sawa.

Hedifoni za kupunguza kelele ndizo zinazosifiwa zaidi, na sehemu kubwa ya sifa hizo ni ya haki. Teknolojia yenyewe inahusiana na usafiri wa anga tangu mwanzo. Amar Bose, mhandisi wa Marekani, alianza kuifikiria mwaka 1978 akiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Boston, kwa sababu mngurumo ulikuwa ukimeza muziki aliokuwa akijaribu kuusikiliza. Kampuni yake ilitoa hedifoni za marubani mwaka 1989, na za abiria zikafuata mwaka 2000. Maikrofoni ndogo hunasa sauti ya nje, kisha kifaa hutoa wimbi la sauti lililo kinyume chake, na mawimbi hayo mawili hufutana kabla ya kufika sikioni. Ufutaji huu hufaulu zaidi kwa sauti nzito zisizobadilikabadilika, na mngurumo wa ndege iliyokwisha kufika juu, ambao mara nyingi huwa kati ya desibeli 80 na 85, ni wa aina hiyo hasa.

Faida yake kubwa kwa mwenye hofu, kwa maoni yangu, haiko katika muziki wala katika utulivu wa jumla, bali katika dakika chache baada ya kupaa. Ndege ikishaacha ardhi na kufika mita mia kadhaa, marubani hupunguza nguvu ya injini kama utaratibu unavyotaka. Mngurumo hushuka, pua ya ndege huinama kidogo, na mwili huhisi kana kwamba ndege inaanguka ilhali bado inapanda. Wengi tunaoogopa tunaijua dakika hiyo kuliko nyingine yoyote. Hedifoni haziondoi hisia ya tumboni, lakini hupunguza ile tofauti ya sauti inayoipa hisia hiyo nguvu, na ushahidi mmoja wa hofu ukidhoofika, uliobaki hukabilika kwa urahisi zaidi.

Zina upungufu ambao wauzaji hawautaji. Sauti kali za ghafla, kama vile kengele ya wahudumu, mlango wa kabati la mizigo au kilio cha mtoto, hupita kwa urahisi zaidi kuliko mngurumo, na kwa kuwa mngurumo umepungua, sauti hizo hujitokeza zaidi. Mtu anayeshtushwa na milio hiyo anaweza kujikuta ameongezewa mzigo. Wapo pia wanaohisi mgandamizo masikioni kifaa kikiwashwa, na wanaohangaika kwa sababu hawasikii matangazo. Hawa watafute aina iliyo na kitufe cha kuruhusu sauti za nje. Aidha, ni vyema zikubali waya, kwa kuwa skrini nyingi za vitini bado haziunganishwi kwa bluetooth, na ni vyema kumwuliza mhudumu mapema kama zinaweza kubaki kichwani wakati wa kupaa na kutua. Hata hivyo, hedifoni zenyewe hazimshughulishi mtu. Zinasafisha uwanja tu, na anayezinunua akidhani zitaituliza akili isiyo na kazi atasikitika.

Filamu ndiyo kazi ambayo wengi huipa akili hiyo, na mimi naiweka chini kabisa. Filamu haimwombi mtazamaji kitu chochote. Macho yanaweza kubaki kwenye skrini kwa saa nzima huku mawazo yakiwa kwenye bawa. Isitoshe, mfumo wa skrini za vitini husimamisha picha kila tangazo linapotolewa, kwa hiyo filamu hukatika wakati ule ule mtu anapoambiwa afunge mkanda kwa sababu ya msukosuko wa hewa. Vipindi vifupi vya vichekesho vina nafuu kidogo. Kitabu cha kusikiliza ambacho mtu amekwisha kukimaliza kina nafuu zaidi, kwani akipotewa na sentensi kumi hapotewi na hadithi.

Mafumbo na michezo ya kupanga vitu ndiyo niliyoiona ikishinda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, waliwachezesha watu Tetris, mchezo wa kompyuta wa kupanga vipande vinavyoanguka, walipokuwa wakisubiri kuambiwa jinsi wenzao walivyoupima mvuto wao. Baadhi walipewa mchezo rahisi mno, wengine mgumu mno, na wengine mchezo uliojirekebisha kulingana na uwezo wa mchezaji. Kundi hilo la mwisho ndilo lililosubiri likiwa na hisia nzuri zaidi. Kusubiri matokeo si sawa na kuruka, lakini hali hizi mbili zinafanana katika jambo la msingi: mtu hana la kuamua, na muda haumalizwi kwa kuusukuma. Kazi inayodai uamuzi mdogo kila baada ya sekunde chache, isiyokatisha tamaa na isiyochosha, humrudishia sehemu ndogo ya mamlaka aliyoiacha mlangoni mwa ndege.

Kati ya hayo yote napendekeza Sudoku, fumbo la kujaza tarakimu katika visanduku, na iwe ya karatasi kuliko ya simu. Kitabu hakina betri, hakihitaji kuwekwa katika hali ya ndegeni, na kinaweza kukaa mapajani tangu milango inapofungwa mpaka inapofunguliwa. Chagua chenye tarakimu kubwa na kilichopangwa kwa ngazi, kisha ubebe ngazi moja chini ya ile unayoimudu ukiwa nyumbani, kwa sababu hofu hupunguza uwezo wa kukumbuka tarakimu, na fumbo lililogoma katikati ya mtikisiko huongeza dhiki. Beba penseli. Hewa ya ndani ya ndege hugandamizwa kiasi cha kulingana na ile ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, na badiliko hilo la shinikizo huweza kuzifanya baadhi ya kalamu za wino zivuje. Vitabu vya kupaka rangi, ambavyo huuzwa kwa ahadi ya utulivu, sikuviona vikifanya kazi hiyo ndani ya ndege: mkono unatembea, lakini akili inabaki huru kuwaza.

Kufuma kuna sifa ambayo fumbo halina. Wakati wa mtikisiko mkali macho hushindwa kusoma, lakini vidole vilivyozoea uzi vinaendelea bila kuangaliwa, na kila mstari unaomalizika unaonekana. Kwa mtu asiyejua kufuma, safari si mahali pa kujifunzia. Kanuni kuhusu sindano hutofautiana baina ya nchi na mashirika, hivyo ziulizwe kabla ya kufika uwanjani. Sindano fupi za mbao au plastiki huleta maswali machache.

Ramani ya safari kwenye skrini inahitaji tahadhari. Inamwonyesha abiria kasi, urefu na njia, na kwa baadhi ya watu kuona kwamba ndege inasonga sawasawa ni faraja ya kweli. Kwa wengine, nami nimo, tarakimu zile hugeuka chakula cha hofu: urefu ukipungua kidogo, moyo unauliza kwa nini. Ninachokipendelea ni karatasi ya milio. Kabla ya safari mtu anaandika sauti anazotarajia kuzisikia na chanzo chake, kisha ndani ya ndege anaziwekea alama moja moja. Kishindo cha chini sekunde chache baada ya kupaa ni magurudumu yakiingia na milango yake kufungwa. Mvumo mrefu wa mota kutoka upande wa bawa ni vibawa vya nyuma vikitolewa au kurudishwa. Katika ndege za familia ya Airbus A320, ile sauti ya kukwaruza kama msumeno unaoanza na kukatika chini ya sakafu, inayosikika mara nyingi ndege ikiwa bado ardhini, ni kifaa kinachohamisha nguvu kutoka mfumo mmoja wa majimaji hadi mwingine. Karatasi hii haipingani na ule usikilizaji wa hofu, bali inaupa kazi yenye mwisho, na kwa kipindi cha kupaa sijaona inayoizidi.

Nyuma ya karatasi hiyo inafaa kuandikwa habari za mabawa pia, zisomwe wakati yanapoonekana yakipinda. Kanuni za uidhinishaji zinataka muundo wa ndege uhimili kwa sekunde tatu mzigo unaofikia asilimia 150 ya ule mkubwa kabisa unaotarajiwa katika maisha yake. Kampuni ya Boeing ilipoyajaribu mabawa ya ndege yake ya 777 mwaka 1995, iliyavuta mpaka yakavunjika, na yalivunjika kwenye asilimia 154. Kupinda ni sehemu ya usanifu wake.

Programu za simu zinazotabiri msukosuko sizipendekezi kutumiwa ndani ya ndege. Utabiri unahusu eneo pana na urefu fulani, ilhali marubani hubadilisha urefu au njia kadiri wanavyopata taarifa za ndege zilizotangulia. Anayeushikilia atakaa akiusubiri mtikisiko ambao huenda usije, na utakapokuja mwingine ambao haukutajwa atahisi amesalitiwa. Kuutazama mara moja kabla ya kuondoka ili kujua saa ya kwenda msalani si vibaya.

Jambo la mwisho halinunuliwi. Wahudumu wa ndege wamezoea kukutana na abiria wenye hofu, na anayewaambia waziwazi mara nyingi hupata mtu wa kupita kumtazama na kumweleza kinachoendelea, jambo ambalo hakuna kifaa kinachoweza kulifanya. Waambiwe wakati wa kupanda, kabla milango haijafungwa, kwa kuwa wakati wa kupaa nao huwa wamefunga mikanda vitini mwao. Iwapo kuna nafasi, aombwe mhudumu akuhamishie kiti kilicho karibu na mabawa, kwa maana hapo mtikisiko huhisika kidogo kuliko mkiani, na penseli haikwaruzi karatasi kila mara.