Uzoefu wangu: kufunga jipsamu kwenye ukuta uliofukiwa mlimani

Nyumba yetu iko Isamilo, na kama nyumba nyingi za Mwanza, imekatiwa mlimani. Chumba cha chini kina mlango na dirisha mbele, lakini ukuta wa nyuma wote umefukiwa na udongo. Nilitaka kiwe chumba cha mama yangu, asihangaike tena na ngazi.

Fundi wa kwanza alimaliza kwa siku tatu. Alipigilia mbao moja kwa moja ukutani, akafunga jipsamu, akapiga rangi. Kilipendeza kweli, ila ilikuwa Agosti, kiangazi. Mwezi wa nne, masika imekolea, mama akasema chumba kinanuka kama nguo zilizolala kwenye beseni. Nikavuta kitanda. Jipsamu ilikuwa imevimba chini, nikaibonyeza, kidole kikazama. Nyuma yake ukungu mweusi ulikuwa umepanda hadi usawa wa magoti. Nilipompigia fundi akasema kosa ni letu, hatufungui dirisha. Liliniuma sana, maana aliyekuwa akivuta ile hewa ni mama yangu.

Fundi wa pili alibomoa vyote, kisha akabandika kipande cha nailoni ukutani kwa utepe, pande zote nne. Baada ya siku mbili matone yalikuwa upande wa ndani, ule unaogusa ukuta. Fundi akaniambia: "Mama, haya maji hayatoki chumbani. Mvua haipenyi jabali, inateremka juu yake mpaka ikutane na ukuta wako."

Kwa hiyo kazi kubwa ikawa nje. Walichimba nyuma ya nyumba hadi chini ya usawa wa sakafu, wakapaka ukuta lami, wakalaza bomba lenye matundu, wakalifunika kwa kokoto na kuelekeza maji pembeni kwenye mtaro. Ndani aligoma kufunga chochote mpaka mvua za vuli zipite, akarudia kipimo cha nailoni. Kikavu!

Nilimwomba ajaze nyuma ya jipsamu pamba ya kioo, ile ya kuzuia baridi, nilivyoona kwenye video za Kanada. Akakataa: kule wanapigana na baridi, sisi adui yetu ni unyevu, na pamba ikilowa huko nyuma haikauki. Fremu mpya ameiacha sentimita tatu kutoka ukutani, mbao zina dawa, ule wa chini umelalia karatasi ya DPC, ile ya kuzuia unyevu usipande, na jipsamu haigusi sakafu. Juu na chini ameacha matundu ya hewa.

Gharama ilikaribia mara tatu ya ile ya kwanza, na vijana wake waliniachia kifusi nilichokizoa mwenyewe kwa wiki nzima. Hata hivyo ningemwita tena kesho. Masika hii nimekuwa nikiingia kila asubuhi kupapasa ukuta ule nyuma ya kitanda cha mama, na mkono unatoka mkavu.