Rosela kavu kwa kinywaji chungu cha kabla ya mlo: uzoefu wangu

Ukitaka kutengeneza nyumbani kinywaji chungu cha kufungua hamu ya kula, kisicho na kilevi, anza na rosela kavu, au choya kama wengine wanavyoiita. Inakupa rangi, uchachu na ukakasi kwa pamoja. Sharti langu ni kwamba ununue iliyo nzima. Ya kusagwa huacha vumbi linalopenya kitambaa, na kinywaji hakitakati hata ukichuje mara ngapi. Iliyo nzuri ni nyekundu iliyokolea na haina mchanga chini ya mfuko. Iliyogeuka kahawia iache, imezeeka.

Lakini rosela peke yake ni juisi tu. Uchungu utafute kwenye danzi, lile chungwa chungu, na mwenye danzi la pwani hana haja ya kuagiza mizizi michungu ya Ulaya. Ganda lake lina vitu viwili vya kutenganisha: ngozi ya juu yenye mafuta ya harufu, na sehemu nyeupe yenye uchungu wenyewe. Mafuta yale hayayeyuki kwenye maji. Kilevi ndicho huyavuta katika vinywaji vya kawaida, na usipokuwa nacho, kazi hiyo ipe sukari.

Kwa takriban lita moja: loweka gramu 30 za rosela katika mililita 700 za maji baridi, ndani ya friji, saa 8 hadi 10. Ukiichemsha, ukakasi huzidi na ladha ya tunda hupotea. Menya ngozi ya juu ya madanzi matatu kwa kisu kikali, isukesuke na sukari gramu 200, funika saa 6 mpaka sukari ilowe. Kisha chemsha kwa moto mdogo, dakika 10, mililita 300 za maji pamoja na gramu 15 za ile sehemu nyeupe, iliki tatu zilizopasuliwa, kijiti kimoja cha mdalasini na karafuu mbili. Mbili zatosha! Ya tatu na ya nne hufunika kila kitu na kutia ganzi ulimi. Mdalasini wa unga usiuguse, unafanya kinywaji kiwe na utelezi.

Chuja maji hayo yangali moto juu ya sukari ya danzi, funika hadi yapoe ili harufu isitoroke na mvuke, chuja tena, ndipo uchanganye na rosela iliyochujwa. Malizia na vijiko viwili vikubwa vya siki ya tufaha, kinywaji kipate ule mwasho wa kooni, na kijiko kimoja cha gliserini, kisiwe chepesi mdomoni. Gliserini iwe ya kuliwa. Ile ya kupaka ngozi si badala yake. Uchungu ukizidi, chembe chache za chumvi huutuliza vizuri kuliko kuongeza sukari.

Sufuria za alumini zikae mbali, kwani asidi ya rosela huzila na rangi huharibika. Maji ya kisima yenye magadi nayo huvuta wekundu kuelekea samawati.

Kuna wanaoongeza magome ya mkwinini. Sipendekezi. Kwinini ni dawa, na jikoni huna namna ya kujua umetoa kiasi gani. Anayetumia dawa za presha naye amuulize daktari kwanza, maana rosela huweza kushusha presha.

Kwa ladha na rangi naipa rosela nyota tano kamili. Kwa kudumu naipa mbili, kwa sababu hakuna kilevi cha kuihifadhi: chupa zioshwe kwa maji yanayochemka, ziwekwe friji, na ndani ya wiki moja ziishe. Ukiona viputo au kifuniko kimevimba, kinywaji kimeanza kuchacha na kutengeneza kilevi, kimwage. Kinywewe sehemu moja kwa tatu za maji ya soda baridi sana, na kipande cha danzi juu.