Pia mbili za kusokotea sufu: ya fundi wa Mafinga na ya kuagiza mtandaoni

Kamwene, kamwene! Karibuni tena. Leo sina dawa ya kuogesha mifugo wala ndoo ya kukamulia. Nina pia mbili za kusokotea sufu, maana tangu mlipoona lile sweta la kijivu hamjaacha kuniuliza. Hii ya mkono wa kulia kaitengeneza fundi seremala hapahapa Mafinga, shilingi elfu sita. Hii ya kushoto niliiagiza mtandaoni, na pamoja na usafiri imenitoka elfu hamsini na kitu. Huyo mnayemsikia nyuma ni ndama, msimjali, anadai maziwa yake.

Kwa asiyeijua, pia ni kijiti chenye kisahani. Unafunga uzi wa kuanzia, unaizungusha, unaiachia ining'inie, nayo inasokota wakati wewe unaachia sufu kidogo kidogo kwa vidole. Haili umeme, na unaweza kusokota huku unachunga. Na asije mtu akaniambia haya ni mambo ya Wazungu. Kilwa Kisiwani walichimbua visahani vya pia vilivyochongwa kutokana na vigae vya vyungu, na Wafipa, majirani zetu wa upande wa Rukwa, katika karne ya 19 walikuwa bado wanasokota pamba yao na kufuma nguo.

Haya, mizani. Ya fundi inasoma gramu 84. Ya kuagiza, gramu 45. Hapa ndipo pesa yenu inapokwenda, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Pia nzito inavuta uzi kwa nguvu. Ukiwa unasokota uzi mnene wa blanketi, uzito huo unakusaidia, inazunguka muda mrefu bila kuguswa. Ukitaka uzi mwembamba wa sweta la mtoto, inakukatia njiani, puu, chini! Pia yenyewe inadondoka na kuku wanakimbia. Kwa anayeanza, tafuta ya kati, gramu 50 hadi 60 hivi.

Mwanangu, sogeza kamera. Mnaona hii ndoano ya juu? Fundi katumia spoku ya baiskeli, kaikunja kwa koleo. Wazo zuri sana, chuma ni kigumu, hakipindi. Ila ncha kaiacha na makali, inanasa sufu kila unapohamisha uzi. Nimeisugua kwa msasa mwenyewe na tatizo limekwisha. Kijiti ni cha mwanzi, chepesi, kimenyooka. Kisahani ni cha msindano, vipande vinavyobaki kwenye mashine za mbao, na kwa Mufindi hiyo si mali ya kutafuta.

Sasa angalieni nikiizungusha. Inayumba. Tundu halikukaa katikati kabisa, limekwenda pembeni kwa unene wa ukucha tu, na hilo linatosha kuifanya isimame mapema. Hii ya kuagiza, tazameni, imetulia kama maji ya mtungini. Kwa hilo peke yake naipa maksi. Lakini ukimwambia fundi atoboe tundu kwanza, ndipo achonge duara akilizunguka, utapata utulivu uleule kwa elfu sita yako. Mkiagiza, mwambieni hivyo kabla hajashika patasi.

Sufu je? Wengi mnaniandikia, "Mama, nina kondoo kumi, nianzie wapi?" Kondoo gani? Hawa wetu wa kienyeji wenye mkia wa mafuta wana manyoya mafupi ya kawaida, hayasokotiki. Dorper naye ni wa nyama, manyoya yake mengi hupukutika yenyewe. Mimi natumia ya kondoo wa mzee jirani, wana damu ya Corriedale, kondoo aliyezalishwa New Zealand kwa kuchanganya Merino na Lincoln. Sufu yake ni ndefu kama kidole, inashikana vizuri. Mzee anataka nyama, mimi nataka manyoya, hatugombani.

Naiosha kwa maji ya moto na sabuni, naizamisha tu bila kuifikicha. Ukiifikicha, au ukiitoa kwenye maji ya moto ukaitumbukiza kwenye baridi, inagandamana na huwezi tena kuichambua. Kuchana natumia brashi mbili za mbwa, zile za meno ya waya. Na siondoi mafuta yote. Mafuta hayo ya sufu ndiyo yanayowekwa kwenye baadhi ya mafuta ya kupaka chuchu za ng'ombe. Baridi la Julai linapasua mikono ya kila mtu huku, lakini nikisokota jioni, asubuhi vidole vyangu laini.

Ukishajaza pia mbili, unganisha nyuzi hizo pamoja kwa kuzungusha upande wa pili. Kama ulisokota kufuata mshale wa saa, sasa rudisha kinyume. Ukiruka hatua hii, uzi mmoja peke yake hujikunja na sweta linakwenda upande. Kisha loweka, tundika kivulini. Sweta la sufu utalipenda kwenye ukungu wa hapa, maana sufu inaweza kunyonya unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi umelowa. Yale masweta ya mnadani ya akriliki, yaani nyuzi za plastiki, hayawezi.

Kwa hiyo nunua ipi? Kama unaanza, ya fundi, umwelekeze tundu na umwambie apunguze kisahani mpaka ifike gramu 55. Ya kuagiza mwachie aliyekwishazoea kusokota na anayetaka uzi mwembamba wa kuuza. Ila mtazamaji wa Mbarali aliyeuliza kuhusu pamba, kwako hazifai zote mbili. Nyuzi za pamba ni fupi, sentimita tatu hivi, pia ya kuning'inia itakukatia kila mara. Wewe tafuta ndogo sana, isiyozidi gramu 25, ncha yake uikalishe kwenye kibakuli na uizungushe kwa vidole. Fundi wangu hajawahi kuitengeneza hiyo. Nimempelekea mchoro, akiimaliza nitaileta hapa tuipime.